Mzee amepata kiharusi na vijana wake wanataka nikalie kiti chake. Natokaje?

Mtoto wa Mwaloni aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naandika kwa jina lisilo langu, na baadhi ya mambo nimeyahamisha mahali ili familia yangu isitambulike, lakini kiini cha suala ni hiki nitakachokieleza. Naomba ushauri wa watu wazima, hasa wanaoijua sheria na wale wanaoyajua maisha ya mialo yetu ya Mwanza, yaani fukwe ambako mitumbwi hushusha samaki.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume wa mtu ambaye kwa macho ya wengi ni tajiri wa mitumbwi na mnunuzi wa mabondo, yaani vibofu vya sangara. Ana duka la vipuri Kirumba, ana mitumbwi katika mialo kadhaa ya Ilemela na Sengerema, amechangia mabati ya kanisa na madawati ya shule, na kila panapotokea msiba mtaani kwetu, turubai na masufuria hutoka nyumbani kwetu. Hayo ndiyo ya mchana. Usiku, mashine za mitumbwi, yaani injini, zinazoporwa kwa wavuvi katikati ya ziwa huletwa kwetu. Zile zenye wateja wa haraka hubadilishwa namba na kuuzwa visiwani, na nyingine huvushwa kwenda Uganda au Kenya, ambako vijana wa mzee wana wenzao wanaowapa za huko ili ziuzwe huku. Mabondo nayo hupitishwa kwa magendo kwa njia hizohizo. Juu ya hayo, wenye mitumbwi katika baadhi ya kambi za visiwani hulipa kila mwezi fedha inayoitwa ya ulinzi, na wanaoipokea ni walewale ambao wangekuja kuwaibia.

Mzee hakuzaliwa katika kazi hii. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya uvuvi wa sumu, alikuwa na mtumbwi mmoja na deni la mashine kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Sangara wakakosa bei, mashine ikachukuliwa, na yeye akaenda kuichukua tena usiku. Kisa hicho amekuwa akikisimulia mezani kwa miaka mingi, na sisi watoto tulikuwa tukicheka. Siku hizi nikikikumbuka naona kwamba aliisimulia ile ya kwanza tu, ambayo ilikuwa yake, na zilizofuata hakuzitaja.

Nilisomeshwa uhasibu hapa hapa Mwanza. Nilipomaliza, nilikabidhiwa dawati dukani, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, kila karatasi iliandikwa kwa jina langu: jina la biashara, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki, laini ya simu ya kupokelea malipo, na sehemu kubwa ya mitumbwi. Niliambiwa kwamba mzee ananijengea. Kwa muda nilijifanya nadhani kwamba duka linauza vipuri sana. Halafu usiku mmoja nikaitwa stoo kuhesabu mzigo, nikamkuta fundi akiwa kazini. Alikuwa amekwisha kuking'oa kibao cha namba kilichopigwa ribiti kwenye bano la mashine, na alikuwa akigonga tarakimu moja moja juu ya kipande cha bati la aluminiamu, kwa nyundo ndogo na mihuri ya chuma. Kazi hiyo haikuzidi muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alipougeuza mfuniko ili aupulize rangi, ndani yake kulikuwa na maandishi yaliyokwaruzwa kwa msumari, herufi mbili za jina, mwaka, na neno MAISOME, ambalo ni jina la kisiwa. Akayapulizia rangi bila kuyasoma. Mimi niliyasoma, kisha nikaandika mashine hiyo katika daftari, kama nilivyokuwa nikiandika zote.

Sasa mzee amepata kiharusi. Alilazwa Bugando, amerudi nyumbani, upande wa kulia haufanyi kazi na maneno yanamtoka kwa shida. Wiki hiyohiyo watu watatu ambao tangu utotoni nawaita baba wadogo, ingawa hatuna undugu wa damu, walikuja sebuleni, wakaweka mezani funguo za stoo na simu ya mzee, wakasema kwamba kiti hakikai wazi. Tangu siku hiyo vijana wananiita Mzee Mdogo. Nina mdogo wangu wa kidato cha pili ambaye wao humchukua "kutembea ziwani" wikiendi, na anarudi akiwa na fedha ambazo mtoto hawezi kuzieleza.

Sitaki kiti hicho. Sitaki pia mzee wangu apelekwe gerezani akiwa katika hali hiyo, na sitaki mama yangu afukuzwe katika nyumba aliyozeekea. Naomba kujua iwapo mtu anaweza kutoka bila kusema neno, yaani nihame tu, niwaachie kila kitu. Na kama haiwezekani, naanzia wapi?

Kando ya Ziwa alijibu:

Ndugu, pole kwa maradhi ya mzee. Mimi ni wakili, ila sitakuwa wakili wako, na sababu ya kukuambia hivyo mapema ni kwamba haya uliyoyaandika hapa hayana ulinzi wowote. Unayomweleza wakili wako faraghani kuhusu mambo yaliyokwisha kutendeka analazimika kuyatunza, na sheria ya ushahidi inamkataza kuyatoa bila idhini yako. Unayoyaandika mtandaoni yanaweza kusomwa mahakamani. Kwa hiyo usiongeze tarehe, jina wala mwalo. Utafute wakili ambaye hajawahi kupokea fedha ya mzee, ikiwezekana wa nje ya mkoa, umweleze yote ana kwa ana.

Umeuliza kama unaweza kuhama tu. Kwa hali ya karatasi zako, ukihama utakuwa umeondoka wewe, na jina lako litabaki likifanya kazi dukani. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 haimgusi mwizi peke yake. Inamgusa pia anayepokea, anayemiliki au anayetumia mali huku akijua, au huku ikimpasa kujua, kwamba imetokana na uhalifu. Mhasibu mwenye daftari hawezi kusimama kizimbani akasema hakupaswa kujua. Vijana wakiendelea kupokea malipo kupitia laini na akaunti yako wakati wewe uko Dodoma unauza nguo, upelelezi utaanzia kwako, kwa sababu wewe ndiye pekee aliyeandikwa. Nimeona familia nyingi za namna hii, na jambo linalojirudia ni kwamba mzee mwenyewe hana hata baiskeli kwa jina lake.

Jambo unaloweza kufanya leo bila kumwambia mtu ni kupiga *106# ili uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha Taifa. Usishangae ukikuta nyingine usizozijua. Mengine yote usiyafanye kabla ya kuonana na wakili, hata yale yanayoonekana kuwa ya kiungwana. Usitoe fedha benki ukazificha kwa shangazi. Usiuze mtumbwi hata mmoja, kwa sababu ukimuuzia mtu asiye na hatia chombo kilichonunuliwa kwa fedha ya wizi, utakuwa umetenda kosa jipya na kumwingiza mtu mwingine matatani. Usifunge jina la biashara na namba ya mlipakodi kwa haraka ya usiku mmoja. Vitafungwa, lakini kwa utaratibu na kwa tarehe inayoeleweka, ili baadaye ionekane wazi ni siku gani ulijitoa na kwamba baada ya siku hiyo hukupokea senti.

Daftari lako ni suala zito kuliko yote. Kuliteketeza ni kuharibu ushahidi, na hilo ni kosa linalojitegemea. Kulirekebisha ni vibaya zaidi. Litunze kama lilivyo na umkabidhi wakili jukumu la kukuambia lini litoke na litoke kwa nani. Usipige picha kurasa zake kwa simu ambayo vijana wanaweza kuishika.

Kuhusu kujisalimisha, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 mshtakiwa anaweza kuingia makubaliano ya kukiri kosa na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, akarudisha mali na kutoa ushirikiano, na adhabu ikapungua. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Sheria hiyo inamlinda mtu anayetoa taarifa dhidi ya kisasi. Haikutungwa ili kumfutia kosa lake mwenyewe, na asiyekueleza hivyo anakuuzia maneno. Tofautisha vilevile nafasi yako na ya wale wanaokwenda ziwani na mapanga au bunduki. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30 na hauna dhamana. Hadi hapo ulipofika, kwa maelezo yako, wewe umepokea na umehesabu. Siku utakayokaa kwenye kiti hicho na kusema "nendeni", tofauti hiyo itakuwa imekwisha.

Neno moja kuhusu urithi, maana umeligusa kwa mbali. Mzee yu hai, kwa hiyo hakuna mirathi, na anayekuambia kwamba umekwisha kurithi anakudanganya kwa makusudi. Akija kufariki, hakuna anayeweza kukulazimisha kuwa msimamizi wa mirathi, unaweza kukataa. Na mali haitakasiki kwa kuhama kutoka mkono wa baba kwenda mkono wa mwana.

Pwani Mpya alijibu:

Wakili amemtisha kijana bure. Kila mtu mjini ana mjomba wa namna hiyo. Ushauri wangu ni kwamba chukua mtaji wa kutosha, nenda Dar es Salaam au Mbeya, fungua biashara halali, uwaachie baba wadogo zogo lao. Baada ya miaka michache hakuna atakayekumbuka.

Mama Kayenze alijibu:

Nimesoma maelezo yako yote, mwanangu, na nimemsoma huyu anayekushauri uchukue mtaji. Naomba nizungumze, kwa sababu huo mtaji ninaufahamu ulikotoka.

Mimi ni mwanika dagaa. Mume wangu alikuwa na mashine moja ya nguvu farasi 15, iliyonunuliwa kwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama, maana yeye hakuwa na dhamana na mimi nilikuwa nayo. Walimkuta usiku wa giza, wakati wa dagaa, taa zikiwa zimekwisha kuwashwa. Walifungua mashine, wakachukua betri, nyavu na taa zote, wakachukua na makasia, wakawaacha watu wanne katikati ya ziwa, upepo ukiwa umeanza. Waliokotwa na watu wa mtumbwi wa mabondo wakiwa wamepeperushwa karibu na kisiwa cha Kome. Mmoja wao, kijana wa dada yangu, hakuwa miongoni mwa waliookotwa. Alikuwa amejaribu kuogelea kufuata taa aliyoiona.

Mkopo uliendelea kudaiwa. Wenzangu watano kwenye kikundi walinidhamini, na kila mmoja alikatwa katika akiba yake mpaka ukaisha. Kuna mmoja hatusalimiani mpaka leo. Mume wangu sasa ni kibarua katika mtumbwi wa mtu mwingine, na anapokwenda ziwani analipa hiyo fedha ya ulinzi uliyoitaja, hukatwa kwenye mgawo wake kabla hajauona.

Sikuulizi kama mashine yetu ilipita katika stoo yenu. Ziwa ni kubwa na wezi ni wengi. Ninachokuuliza ni kingine. Katika maswali yako umemtaja mzee wako, mama yako, nyumba yenu na mdogo wako. Yule mtu wa Maisome umemtaja mara moja tu, akiwa chini ya rangi. Kama kutoka kwako ni kutoka na mikono safi huku yeye akiendelea kukatwa mgawo, basi mimi sioni umetoka wapi. Daftari unalo, na humo ndani kuna watu.

Mtoto wa Mwaloni alijibu:

Mama, shikamoo. Sina cha kujitetea mbele ya hayo uliyoyaeleza, na nakupa pole kwa mtoto wa dada yako. Ni kweli kwamba katika daftari kuna mahali mashine zilipotoka, si zote, lakini nyingi, kwa sababu mzee alitaka kujua ni upande gani umekwisha kuchokozwa sana ili vijana wapumzike huko kwa muda. Sikuwahi kuliangalia kama orodha ya watu.

Ndugu Pwani Mpya, sitachukua mtaji. Wakili, nimepiga namba uliyoitaja na nimekuta laini mbili ambazo sikuzisajili mimi, ingawa nakumbuka siku niliyoombwa kuweka kidole "kwa ajili ya simu ya mama". Naomba kuuliza moja zaidi: je, nisubiri mzee apate nafuu, au mpaka Mungu atakapoamua vingine, ndipo nijitoe? Naona kama ni kumsaliti akiwa kitandani.

Mwalimu wa Nansio alijibu:

Kijana wangu, swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu naona unadhani kwamba muda uko upande wako. Nimefundisha historia kwa miaka mingi huku Ukerewe, na nitakupa mifano miwili ya mbali, si kwa ajili ya kujionyesha, bali kwa kuwa watu hao walikalia kigoda kilekile unachokalia wewe.

Wa kwanza ni Giuseppe Impastato, aliyezaliwa mwaka 1948 katika mji mdogo wa Cinisi, kisiwani Sicily nchini Italia. Baba yake, Luigi, alikuwa mtu wa mafia, na mkubwa wa mafia wa mji huo, Gaetano Badalamenti, alikuwa mtu wa karibu wa nyumba yao. Kijana huyo aliikataa kazi ya nyumbani hadharani, akafukuzwa na baba yake, na mwaka 1977 akaanzisha redio ndogo ambayo ndani yake alimdhihaki Badalamenti kwa kejeli kila wiki. Hakuguswa. Baba yake, pamoja na hasira zote, alikuwa akisimama kati ya mwanawe na wale watu. Mwezi Septemba mwaka huohuo baba akafa kwa kugongwa na gari, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 1978 kijana akauawa, mwili wake ukalipuliwa kwa baruti juu ya reli, na kwa muda mrefu ikasemwa kwamba alikuwa gaidi aliyejilipua mwenyewe. Mama yake, Felicia, na ndugu yake, Giovanni, walidai haki mpaka mwaka 2002, Badalamenti alipohukumiwa kifungo cha maisha.

Usinielewe kwamba nakuambia ufungue redio. Nakuonyesha ukuta uliokuwa ukimkinga ulikuwa nani. Baba yako, hata akiwa hawezi kunyanyua mkono, bado ni mtu ambaye wale baba wadogo wanamwonea haya au wanamwogopa. Akiondoka, wewe utakuwa mtu mwenye daftari na funguo ambaye hataki kufanya kazi, na mtu wa namna hiyo kwao ni hatari tupu. Kusubiri si heshima kwa mzee. Ni kungojea ukuta uanguke.

Wa pili ni mtoto wa Pablo Escobar wa Kolombia. Baba yake alipouawa tarehe 2 Desemba 1993, kijana huyo, akiwa na umri wa miaka 16, alitamka kwenye simu na waandishi wa habari kwamba atawaua waliomuua baba yake, na baada ya dakika chache akapiga tena kuyafuta maneno hayo. Kilichookoa familia ni kwamba mama yake alikwenda kukaa meza moja na maadui wa mumewe, na mali ikatolewa. Mwaka 1994 wakabadilisha majina, wakapita Msumbiji, wakaishia Argentina. Sasa anaitwa Sebastián Marroquín na ni msanifu majengo. Lakini mwaka 1999 yeye na mama yake walikamatwa huko Argentina kwa tuhuma za kutakatisha fedha, na ingawa baadaye walisafishwa, mama alikaa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja. Ndugu yetu Pwani Mpya afikirie hilo: jina lilibadilika, bara likabadilika, na bado walifuatwa.

Sasa niseme la mdogo wako, ambalo wenzangu wamelipita. Kiti ukikikataa wewe, watamlea yeye akikalie. Huyo wa kidato cha pili anayerudi na fedha ndiye wanayemwandaa, na wao wanajua hesabu zao. Huko Reggio Calabria, kusini mwa Italia, jaji wa mahakama ya watoto, Roberto Di Bella, alianza kuanzia mwaka 2012 kuwatoa vijana wa familia za uhalifu katika mji wao na kuwapeleka mbali kwa amri ya mahakama, na kilichowashangaza wengi ni kwamba baadaye akina mama wenyewe walianza kumwendea wakimwomba awachukulie watoto. Kwetu huhitaji amri hiyo kwa kuanzia. Mama yako akikubali, mtoto ahamishiwe shule ya bweni ya mkoa wa mbali muhula ujao, na likizo aende kwa mjomba, asirudi mwaloni. Wakimfuata huko, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo na maafisa ustawi wa jamii wapo. Zungumza na mama yako kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote. Huenda anajua zaidi yako.

Sirari Zamani alijibu:

Nimetoka katika nyumba ya namna hiyo, ya mpakani, kazi ikiwa ni mirungi na baadaye mambo mazito zaidi. Sitaeleza mengi. Naongeza tu yale ambayo mwenye sheria na mwenye historia hawawezi kuyajua.

Hawatakuja na panga siku ya kwanza. Watakuja na shida. Mmoja atapiga simu kwamba mtoto wake amelazwa na kuna mzigo mdogo tu wa kusainiwa. Mwingine atasema safari hii moja, kwa heshima ya mzee, kisha wewe uende zako na baraka. Watamtuma mtu unayempenda, na kwa upande wangu walimtuma bibi yangu. Hiyo safari moja ndiyo mtego wote, kwa sababu ukiikubali hawahitaji tena kukuomba. Kataa kwa maneno machache, bila hotuba na bila kuwaita wezi. Mimi nilisema: "Sina kichwa cha kazi hii, na mwenye kichwa mnaye." Walinidharau, na dharau yao ilinilinda kuliko kitu chochote. Mtu anayeonekana mwoga na mzembe huachwa. Anayeonekana mwadilifu huogopwa.

Usikubali pia fedha ya kuagana. Watakupa bahasha, na itakuwa nono. Usikubali pikipiki, wala wakulipie kodi ya nyumba huko uendako. Nilianza Katoro kwa kuuza maji ya kunywa kwa wachimbaji, na kwa mtu aliyezoea kulipiwa kila kitu ile ilikuwa fedheha kubwa. Jamaa waliopita wakaniona walicheka, wakarudi kusimulia nyumbani kwamba nimekwisha. Nilifurahi waliposimulia hivyo.

Na funguo na simu vilivyowekwa mezani, visikae kwako hata usiku mmoja zaidi. Mpe mama avirudishe kwa yule mkubwa wao, mbele ya mzee, mzee akiona.

Kando ya Ziwa alijibu:

Nakubaliana na ndugu wa Sirari katika karibu yote, isipokuwa kuhusu simu. Funguo zirudishwe. Simu ya mzee, kama ndani yake kuna moja ya zile laini zilizosajiliwa kwa kidole chako, usiirudishe kabla wakili wako hajakuelekeza, kwa sababu ukiitoa utakuwa umewapa jina lako waendelee kulitumia.

Kwa Mama Kayenze, pole sana, na hoja yako si ya hisia peke yake. Katika makubaliano ya kukiri kosa, fidia kwa walioathirika ni sehemu ya mazungumzo, na daftari linaloonyesha mashine ilitoka kambi gani na lini linaweza kumfikisha mwenye mali mahali ambapo taarifa ya polisi ya miaka iliyopita haikumfikisha. Kama mume wako na wenzake wana risiti za kununulia mashine, mkataba wa mkopo wa kikundi, au karatasi ya kutoa taarifa polisi, zitafuteni sasa na mzitunze pamoja.

Mama Kayenze alijibu:

Risiti ninayo, imo kwenye kopo la akiba ya kikundi pamoja na kadi zote. Wakili, nina ombi moja kwa huyu kijana kupitia kwako. Siku wakianza kuhesabu, waanze na wale waliokuwa na mashine moja tu. Wenye mitumbwi kumi walinunua nyingine.

Mtoto wa Mwaloni alijibu:

Nimezungumza na mama. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza shule ya bweni ada yake ni kiasi gani, akasema ataitoa katika fedha za shamba lake la mpunga la Magu, ambazo hazijawahi kuingia katika akaunti ya duka. Funguo atazirudisha yeye. Nimepata jina la wakili wa mkoa mwingine na nitakwenda kwa basi, si kwa gari la nyumbani. Mama Kayenze, ombi lako nimeliandika ukurasa wa kwanza wa karatasi nitakazompelekea.

Kando ya Ziwa alijibu:

Vizuri. Usitaje ni mkoa gani, wala siku ya kusafiri, na baada ya hapa usiandike tena katika mada hii, hata kushukuru.